Jina la Ndege Uliyempoteza

Alhamisi, 3 Aprili

Daftari hili nimepewa na dada Nusura. Anasema tangu niache shule kidato cha pili mkono wangu unajua nyundo tu, na kalamu ukiiacha nayo inakuacha. "Andika kila siku, hata mstari mmoja." Yeye ni mwalimu wa madrasa. Akisema andika, unaandika.

Haya. Jina Asuman, miaka kumi na tisa. Nachomelea vyuma Katwe, milango na madirisha. Anayedhani kuna mtu Katwe nzima anayenyoosha mshono wa chuma kunizidi, aje na mlango wake tuulinganishe. Nyumbani ni Makindye. Nyuma ya nyumba nina njiwa sita kwenye banda la chuma, kazi ya mikono yangu. Nusura anasema njiwa wangu wana madirisha mazuri kuliko sisi. Ni kweli, na sikatai sifa.

Juzi, Idi pili, nimeingia kwenye grupu la simu la wafuga njiwa, Mabawa ya Kampala. Nilijiandika Mfalme wa Anga. Hata salamu sijamaliza, admini akanidaka: "Kijana, hapa hatujipi vyeo. Kila mtu anatumia jina la ndege wake aliyempoteza. Wako alipotelea wapi?"

Kumbe ndiyo desturi yao. Admini mwenyewe ni Odera, Mjaluo wa Mbuya, na humo anaitwa Kipofu. Kipofu alikuwa njiwa wa jicho moja aliyerudi nyumbani kutoka Jinja mara nne. Mara ya tano akakutana na waya wa umeme kwa upande wa jicho bovu. Okullo, askari mstaafu, anaitwa Sajini. Njiwa wake alitembea mbele ya wenzake kama yuko kwenye gwaride, mpaka mwewe akamchukua. "Alifia kazini," kaandika Okullo. Halafu yuko mama mmoja, Aber, anaitwa Supu. Ndege wake hakuwa na jina mpaka jirani alipompika. Hapo nilicheka chai ikatokea puani.

Mmoja anaitwa Zuhair. Hadithi yake ni fupi kuliko zote: "Aliruka. Hajarudi." Watu wakamwekea mioyo na pole nyingi.

Mimi nikawaambia sijapoteza hata mmoja, ndege wangu wananipenda. Kipofu akajibu: "Basi wewe ni Yai. Ukipoteza tutakupa jina."

Yai! Mimi!

Ijumaa, 4 Aprili

Huyu Zuhair, wanasema, kila Ijumaa baada ya sala anaweka picha moja tu, ya ndege mmoja tu. Dume anaitwa Kanzu. Mweupe mpaka manyoya ya miguuni, mgongo mweusi kama koti lililovaliwa juu ya kanzu siku ya harusi. Nimeona njiwa wengi, lakini huyu ni bwana harusi.

Nikamchokoza: "Zuhair, mbona picha zako mwenyewe huweki? Una sura mbaya?"

Akajibu: "Ninayo ya kutosha."

Grupu zima likanicheka. Nimempenda mtu huyu. Nataka mtoto wa Kanzu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Leo mvua ya mawe imepiga Katwe tukazima mashine zote. Ilipotulia nikakuta jike mweupe kajibanza chini ya meza ya karakana, maji yanamtiririka, mguuni hana pete. Hakuna Katwe mwenye njiwa mweupe hivi. Mungu kampa anayestahili.

Sitamtangaza kwenye grupu. Nikimtangaza watatokea wenyewe kumi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kipofu kaweka kanuni za masika. "Ndege mgeni lazima akae eda. Siku ishirini na moja, peke yake, tundu lake, maji yake, mbali na wenzake. Kideri hakibishi hodi."

Kideri ni ule ugonjwa unaomaliza kuku mtaa mzima, na huko kutengwa wanakuita eda, kama ya mjane. Sajini kaongeza kwamba mwaka juzi mtu mmoja alipunguza siku tatu tu akazika ndege thelathini. Wazee wanapenda kutisha.

Jike wangu anakaa eda karakanani, kwenye tundu nililomchomelea mchana wa leo. Nyumbani simpeleki, Nusura ataniuliza maswali, na sita wangu siwezi kuwachezea.

Ijumaa, 11 Aprili

Jike anakunywa maji sana. Kinyesi chake cha majimaji, kijani kijani. Ni mvua hiyo. Nami ningenyeshewa vile ningeharisha. Picha ya Kanzu leo amefungua bawa moja. Hatari.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Jike anakula vizuri. Macho mang'avu.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimemwandikia Zuhair pembeni. Nikamwambia nina jike mweupe safi, nimemnunua mwezi wa tatu, tumuunganishe na Kanzu, watoto tugawane. Akauliza: "Eda amemaliza?"

Nikaandika: "Zamani."

Siku tisa. Lakini mtu akimtazama anaona ni mzima. Mimi macho yangu ni kipimo, naona chuma kimepinda kabla hakijapinda.

"Mlete Jumapili," akaandika. "Lubaga, chini ya kanisa kuu, nyumba ya lango la bluu."

Jumapili, 20 Aprili

Nusura amesema mstari mmoja unatosha, lakini leo hautoshi.

Nimefika Lubaga na tundu langu mkononi, nimechana nywele, nimejiandaa kukutana na kijana mwenye maneno kama mimi. Lango likafunguliwa na mama mtu mzima, mtandio wa kahawia, miwani imefungwa uzi.

"Asalam aleikum, mama. Namtafuta Zuhair."

"Waaleikum salaam. Hata mimi."

Nikadhani ananitania. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Wewe ndiye Yai," akasema. "Ingia, usimnyeshee ndege."

Anaitwa Bi Umulkheir. Zuhair ni mwanawe, na wa pekee. Miaka mitatu iliyopita alikwenda Uarabuni kulinda maghala. Alikuwa anapiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Mwezi wa pili mwaka jana Ijumaa moja hakupiga. Ya pili hakupiga. Namba ikawa haipo. Wakala aliyempeleka amefunga ofisi, mlangoni sasa wanauza vitambaa. Mama amekwenda kila ofisi ya mji huu yenye benchi la kungojea, na kila benchi limemwambia arudi Jumatatu.

Simu ya zamani ya Zuhair ilibaki kabatini. Siku moja akaiwasha ili aone picha zake, akakuta mtu kamwingiza kwenye grupu la njiwa na watu wanauliza: jina lako, hadithi yake nini?

"Nikaandika kweli," akasema. "Wao wakadhani ndege."

"Kwa nini hukuwaambia, mama?"

"Hapa mtaani wameshaacha kuniuliza. Wakiniona wanaongea habari za bei ya mchele. Lakini humo ndani kila wiki yuko mtu anaandika: Zuhair hajarudi bado? Pole. Usifunge dirisha, huenda akarudi. Huyo Kipofu anasema alimwona ndege amerudi baada ya miaka minne." Akavua miwani akaifuta. "Usiwaambie, mwanangu."

Nikaapa. Kisha akanipeleka nyuma kwenye banda. Ndege kumi na wanane, na Kanzu juu yao, mkubwa kuliko picha. Mama akasema siku ya safari Zuhair alimchukua Kanzu kwenye kikapu mpaka Entebe. "Aliniambia, mama, nikishamaliza ukaguzi wa mizigo Sadiki atamwachia hapo nje. Ukimwona juu ya bati, ujue mimi naondoka." Sadiki ni dereva wa teksi. Mama alikaa kwenye kiti uani. Kanzu akatua saa tisa na robo. "Tangu siku hiyo, mwingine wa kuniletea habari za kweli sijampata."

Ndipo nikafungua tundu nikamwingiza jike.

Ningeweza kusema. Mdomo huu, ambao Nusura anasema una injini, ulikuwa umezima. Nikasema tu, "Mzima kabisa, mama, huyu ni mzima." Kanzu akavimbisha shingo, akaanza kumzunguka na kuinama, akiguruma. Mama akacheka kwa mara ya kwanza. "Tazama bwana harusi."

Jumatano, 23 Aprili

Mvua siku nzima. Mlango mmoja umeharibika, nimechomelea bawaba kichwa chini. Bosi kaniuliza kama nimependa mtu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda Lubaga kumtengenezea Bi Umulkheir komeo la banda. Chai ya tangawizi na mandazi. Anatia sukari kama bei hajaisikia. Jike na Kanzu wameshaoana, wanabeba vijiti. Ndege wote wanang'aa. Nimewahesabu mara mbili. Si nilisema? Macho yangu ni kipimo.

Nilimfundisha mama kupiga picha bila kidole chake kuonekana. Akasema Zuhair alimfundisha hivyo hivyo na akasahau vile vile.

Ijumaa, 2 Mei

Leo Zuhair hajaweka picha.

Supu kauliza, "Zuhair, bwana harusi yuko wapi leo?" Jioni nikapata ujumbe pembeni: "Kinda mmoja anageuza shingo. Anadonoa mahindi anakosa, anadonoa sakafu. Ni nini hii, Yai?"

Nilijua ni nini. Nikaandika: "Baridi, mama. Mvua hizi."

Jumapili, 4 Mei

Wanne wamekufa. Watatu wanazunguka kama walevi, vichwa vinatazama mgongoni. Kinyesi cha maji, kijani, sakafu yote. Nimetia dawa kwenye maji, dawa ya kuku ya duka la mifugo. Muuzaji aliniambia waziwazi: "Kama ni kideri, kijana, ungechanja zamani. Hii unampa ndege maji ya rangi tu."

Kanzu bado mzima. Jike naye mzima, anakula, macho mang'avu. Nimemtoa, nimemrudisha Katwe. Mama akasema, "Vizuri, mwokoe wako."

Aliniambia niandike kwenye grupu kwa niaba yake, akanipa simu ya Zuhair. Nikaandika. Kipofu akauliza hapo hapo: "Kuna mgeni aliingia? Alikaa eda siku ngapi?"

Mama alikuwa bega kwa bega nami, anasoma.

Nikaandika: "Ishirini na moja."

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Wawili.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Watatu. Nawazika nyuma ya choo, udongo umelowa kama uji, shimo linajaa maji kabla sijaweka ndege.

Sajini, mzee wa miaka sabini, alipanda boda na mguu wake mbovu akaleta chokaa ya kumwaga sakafuni. Nilimpokea langoni ili asimwone mama. Akanishika bega: "Mwambie Zuhair ajikaze. Vita vya namna hii havina adui wa kupiga." Nilikuwa namwita mzee wa gwaride. Sitamwita tena.

Ijumaa, 9 Mei

Hakuna picha.

Jumamosi, 10 Mei

Kanzu leo amekosa punje.

Mara ya kwanza nilijidanganya. Mara ya pili mama naye aliona. Kila mtu akatazama pengine.

Jumapili, 11 Mei

Jike ametaga yai moja, Katwe, kwenye tundu, juu ya matambara ya karakana. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 13 Mei

La pili. Analalia vizuri. Haya ni ya Kanzu, hayawezi kuwa ya mwingine. Leo kwa mara ya kwanza wiki hii nimechomelea mlango ukafungika.

Alhamisi, 15 Mei

Kila nikitoka kazini naenda Lubaga. Kanzu hawezi kusimama. Mama amemviringisha kwenye shati la Zuhair, anamnywesha kwa kijiko cha dawa ya mtoto. Anampulizia dua usoni. Shingo imepinda mpaka jicho moja linatazama juu, na mama anajitahidi kukaa pale jicho linapotazama.

Usiku nimefungua daftari hili kurasa za nyuma. 11 Aprili. "Kijani kijani. Ni mvua hiyo." Mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, umenyooka. Dada, kalamu imenikumbuka.

Ijumaa, 16 Mei

Kanzu amekufa saa nane, watu wakiwa wanatoka sala ya Ijumaa.

Nilikuta mama amekaa kwenye kile kiti uani, mvua nyepesi inamwangukia, shati mapajani. Nikasema, "Mama, ingia ndani." Akasema, "Ngoja kidogo." Alikuwa anatazama bati. Nikatambua kwamba hiki ndicho kiti alichomngojea siku ile ya Entebe, na mahali ni hapo hapo. Nikangoja naye. Sijui tulingoja nini. Mwisho akanipa shati. "Lirudishe safi," akasema. "Ni lake."

Katika wale kumi na wanane amebaki mmoja, jike mzee kipofu wa macho yote mawili. Huyo amekuwa akizunguka tangu zamani, huwezi kujua kama anaumwa.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia.

Nilifanya mazoezi njia nzima toka Makindye, kwa miguu, na nilipofika yote yakapotea. Alikuwa anafagia banda tupu. Nikasimama mlangoni kwenye komeo langu.

"Mama, yule jike hakukaa eda."

Ufagio haukusimama. "Alikaa siku ngapi?"

"Tisa nilipokuandikia. Kumi na mbili nilipomleta."

"Na kwako, ulimchanganya na wako?"

"Hapana."

Hapo ufagio ukasimama. Nilitaka anitukane. Nina majibu ya matusi yote, nimelelewa Katwe. Akaegemeza ufagio ukutani taratibu, usianguke.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ndiyo kweli, mama."

"Mimi nilikuwa nailaumu mvua," akasema. "Mvua ningeilaumu mpaka nife. Haina mama, haina dada, haiji hapa kunywa chai yangu. Sasa umenipa wewe." Akanitazama kupitia ile miwani ya uzi. "Nitakufanya nini wewe?"

Ndipo mdomo huu mpumbavu ukawaka. Nikamwambia jike ametaga, mawili, ya Kanzu, yanalaliwa, wiki tatu hazifiki nitamletea mtoto wa Kanzu, koti lake mgongoni, tena namchanja kwa mshahara wangu, naapa.

"Usiniahidi."

"Wallahi, mama..."

"Yeye pia aliapa hivyo hivyo, hapo hapo uliposimama. Nenda nyumbani, Asuman."

Hajawahi kuniita kwa jina langu. Siku zote ni Yai.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Jike analalia.

Jumatano, 21 Mei

Yai lenye uhai likifika siku ya nane, ukilimulika utaona mishipa myekundu imetanda kama miguu ya buibui na nukta moja inapwita. Nimefunga mlango wa karakana, nimewasha tochi ya simu, nimeliweka la kwanza juu ya mwanga.

Jeupe. La pili, jeupe.

Nikafuta kioo cha simu kwa shati nikarudia. Nikamwita bosi, ambaye hajui kitu kuhusu njiwa, nikamwambia atazame. Akasema, "Naona taa."

Alhamisi, 22 Mei

Nimerudia. Taa.

Ijumaa, 23 Mei

Asubuhi nimepata ujumbe pembeni. Neno moja na alama ya kuuliza: "Mayai?"

Kwa hiyo alikuwa anangoja. Alinikataza kuahidi, kisha akakaa kwenye kiti akangoja.

Niliandika: "Bado mapema kujua." Nikafuta. Niliandika: "Moja linaonyesha dalili." Hilo nililitazama muda mrefu. Lilikuwa zuri. Lingempa wiki mbili nzima, na wiki mbili katika maisha yake si kitu kidogo. Nikafuta. Nikaandika: "Hamna kitu, mama. Yote mawili."

Akasoma.

Saa nane unusu, saa ya picha, niliketi juu ya rundo la vyuma simu mkononi. Kwenye grupu ikatokea ile mistari midogo ya kijivu inayoandikwa na simu yenyewe:

Zuhair ameondoka.

Kipofu alikuwa wa kwanza. "Nani amemuudhi Zuhair?" Supu akasema huenda simu imeingia maji. Sajini akaandika: "Amrudishe mtu tafadhali. Dirisha lisifungwe." Nimepiga ile namba. Imezimwa.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwenda Lubaga, nimeacha shati kwa jirani, limefuliwa na kupigwa pasi na Nusura. Lango halikufunguliwa. Jirani akasema mama yupo, hapokei wageni. Akaanza kuniambia bei ya mchele.

Jumatano, 28 Mei

Jike ameacha kulalia. Mzima, anakula, macho mang'avu.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimekata. Jua kali, Katwe vumbi tayari.

Leo kijana mpya kaingia kwenye grupu, kajiita Rubani. Wamemcheka, wamemweleza desturi, kila mtu kasimulia ndege wake upya. Supu na jirani yake, gwaride la Sajini, waya wa umeme wa Kipofu. Hakuna aliyelitaja lile jina jingine. Kipofu anasema jina la aliyeondoka halitolewi kwa mwingine.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Yai, masika nzima imepita. Hujapoteza hata mmoja tukupe jina?"

Nikatoka nyuma ya nyumba nikatazama bandani, ili nisiseme uongo.

"Hata mmoja," nikaandika. "Wote sita wapo."